Kifungu cha Tisa

Muleba,
12 Februari 1961

Mwanangu Kokugonza,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto. Mama yako hajambo, anasema ule vizuri. Mvua imewahi, na upepo umeangusha migomba mitatu nyuma ya nyumba. Shangazi yako Benadetha alirudi kwa mumewe wiki iliyopita, halafu akarudi tena hapa. Sikuuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi kila mtu anazungumza habari ya katiba. Redioni katiba, nje ya kanisa baada ya ibada katiba. Ukoo wa jirani yetu Mzee Yoeli wamekwisha andika ya kwao, wameitia kwenye fremu yenye kioo na kuitundika ukutani. Nimekwenda kuiona. Mistari yake inapanda kama mtu anayekwenda mlimani. Wazee wetu wameona si vizuri tubaki nyuma. Wamesema nikuandikie wewe, kwa kuwa ndiwe uliyesoma kupita watoto wote wa ukoo na mwandiko wako umenyooka.

Karatasi mbili zinatosha. Andika kwamba ukoo upo, kwamba una mwenyekiti, na kwamba mwenyekiti ni mimi. Mengine utajua mwenyewe. Acha nafasi pembeni kwa ajili ya fremu.

Ta Rutashobya wa Kanazi alipita hapa. Alileta vibuyu vinne vya lubisi, pombe ya ndizi za kwao. Mimi ni mzee wa kanisa na sinywi, lakini kibuyu cha mgeni hakirudishwi. Aliuliza urefu wako.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Nathanieli Kashaija
Mwenyekiti wa Ukoo


Bukoba,
26 Februari 1961

Baba Mkubwa, waitu,

Nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako namsalimu mama na shangazi. Pole kwa goti na kwa migomba. Hapa shuleni hatujambo. Nimeongezewa kazi ya kutunza kabati la vitabu, na ufunguo ninao mimi.

Nashukuru wazee kwa kunipa kazi hii. Bahati nzuri muhula huu tunasoma habari za serikali. Zamani nilidhani katiba ni karatasi ya kumtambulisha mwenyekiti. Kumbe ni karatasi ya kumpa mwenyekiti kazi na kumwonyesha kazi hiyo inaishia wapi. Nimeifikiri kama mlamula tunaopanda mpakani mwa vibanja. Marehemu baba aliwahi kunionyesha ule wetu. Alisema mlamula hupandwa siku majirani wanapopatana, kwa sababu wakishagombana kila mmoja atataka kuupanda mlangoni kwa mwenzake.

Tumefundishwa kwamba serikali nzuri hugawa kazi tatu. Wako wanaotunga sheria, wako wanaozitekeleza, na wako wanaoamua ugomvi. Mtu mmoja akizishika zote, hakuna wa kumwambia amekosea, na yeye mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Sisemi juu yako, waitu. Ni somo.

Nimeandika vifungu kumi na viwili. Samahani, karatasi zimekuwa tano. Cha nne kinasema wake walioolewa ukooni nao wapige kura. Najua watu watasema wao ni wa koo nyingine, lakini wakifa tunawazika kwenye kibanja chetu. Cha tano kinasema mwenyekiti achaguliwe kwa miaka mitatu, na asizidi miaka sita tangu aliposhika kazi. Cha sita kinasema kura iwe ya siri, na kinachopita kipite kwa zaidi ya nusu ya waliohudhuria. Cha tisa ni kifupi: "Mtu yeyote wa ukoo asiamuliwe jambo linalomhusu kabla ya yeye mwenyewe kusikilizwa, hata kama ni mdogo, hata kama yuko mbali."

Nafasi ya fremu nimeiacha.

Urefu wangu ni futi tano na inchi mbili. Nilipimwa Januari. Sijui Ta Rutashobya aliuhitaji kwa kazi gani.

Mtoto wako mtiifu,
Alistidia Kokugonza


Muleba,
19 Machi 1961

Mwanangu Kokugonza,

Hatujambo. Goti ni lile lile. Barua yako ilikaa dukani kwa Zahoro siku kumi na sita, chini ya gunia la chumvi. Zahoro anasema hakuiona. Mimi niliiona nilipokwenda kununua chumvi.

Nimeisoma katiba yako mara mbili. Mwandiko ni mzuri sana.

Kuhusu kazi tatu: hizo zote nimezifanya mimi kwa miaka kumi na moja. Nimetunga, nimetekeleza, nimeamua, na hatujawahi kukosana. Kuhusu miaka sita, sielewi mwenyekiti akishafika mwaka wa saba anapatwa na nini. Kuhusu wake, shangazi yako alisikia nikisoma kwa sauti, na sasa wanawake wa vibanja vyote wanakijua kifungu cha nne kwa moyo kama Baba Yetu.

Cha tisa ni kirefu bure. Watu wengine wako mbali kwa sababu wana shughuli, na si vizuri kuwasumbua kwa kila jambo.

Hata hivyo nimewaahidi wazee, kwa hiyo tutakaa Jumatatu ya Pasaka tuipigie kura. Wewe usije Pasaka hii. Barabara ni mbaya. Baki shuleni usome.

Ta Rutashobya alirudi na mbuzi. Ana kijana wake, Aroni, anafanya kazi kwenye shamba la utafiti kule Maruku, anapima migomba. Ni kijana mtulivu. Hakusema kitu saa tatu nzima. Tangu baba yako alipotutoka, wewe uko mikononi mwangu, na mtu mwenye kitu mikononi hufikiri pa kukiweka.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Nathanieli Kashaija
Mwenyekiti wa Ukoo


Bukoba,
27 Machi 1961

Baba Mkubwa, waitu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri na kwamba kahawa imetoa maua. Hapa tuko katika majaribio. Hesabu sikufanya vibaya.

Nimesikia kuhusu barabara. Wasichana wanne wa Muleba wanasafiri Alhamisi kwa basi hilo hilo. Labda ni mbaya kwa baadhi ya watu tu.

Naomba nikueleze habari moja ya hapa bwenini. Nilikuwa na rafiki anaitwa Theopista, wa Izimbya. Tulikuwa tukilala vitanda jirani. Januari aliletewa barua kwamba mama yake mgonjwa, akaenda. Mama yake hakuwa mgonjwa. Siku ya tatu kitanda chake kilipewa mtu mwingine. Aliniandikia mara moja, akaniomba nimtumie kitabu chake cha jiografia. Nimemtumia, ingawa sijui sasa anasoma jiografia saa ngapi.

Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu katiba, nilifikiri jana kutwa. Nilitaka kukuandikia kwamba ufute cha tano, ukae mwenyekiti hata miaka thelathini, ila ukiache cha tisa. Baadaye nikaona haifai. Cha tisa ni maneno tu. Anayekilinda ni kila mtu anayejua kwamba mwenyekiti akikiruka, ukoo unaweza kumchagua mwingine. Ukiondoa cha tano, cha tisa kinabaki kama mlango usio na komeo. Kwa hiyo naviomba vyote viwili, samahani.

Kuhusu kura ya siri, si lazima karatasi, maana si wote wanaosoma. Kila mtu apewe punje moja ya kahawa. Vibuyu viwili vikae nyuma ya mkeka, kimoja cha ndiyo na kingine cha hapana.

Aroni sina neno naye. Simjui.

Mtoto wako,
Alistidia Kokugonza


Muleba,
5 Aprili 1961

Mwanangu Kokugonza,

Bwana amefufuka. Hatujambo. Mama yako alipika ndizi kwa maharage za kutosha watu sitini, wakaja thelathini na mmoja, kwa hiyo hadi leo tunakula za Pasaka.

Nakupa habari za mkutano kama zilivyokuwa.

Shangazi yako aliwaita wake wote. Nikasema kifungu cha nne bado hakijapitishwa. Akasema, "Na kile kiti ulichokalia, Kashaija, kilipitishwa lini?" Watu wakacheka, nikaona tuendelee.

Kahawa mbichi haikuwepo, msimu bado. Ila palikuwa na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile amwani iliyochemshwa na majani na kukaushwa, kwa ajili ya wageni kama kawaida. Kila mtu akapewa punje moja. Ta Kagaruki, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote, tulimweka nyuma ya mkeka alinde vibuyu na kuhesabu. Watu walikwenda mmoja mmoja, mama yako wa kwanza. Shughuli ilichukua saa moja na nusu kwa sababu kila mzee alipofika huko alimsalimia Ta Kagaruki kwa kirefu.

Hesabu ikatoka: ndiyo kumi na nne, hapana kumi na moja. Jumla ishirini na tano. Watu thelathini na mmoja.

Tulitafuta chini ya mkeka. Tulitafuta kwenye mikunjo ya kanzu. Kisha shangazi yako akamtazama Ta Kagaruki, akasema, "Mzee, fungua kinywa."

Sita zote alikuwa amezitafuna. Hakukataa. Alisema mtu akikaa peke yake na kahawa kwa saa moja na nusu, mkono hujiendea wenyewe, na kwamba hakujua kama ameanza. Tukamwuliza alizitoa kibuyu kipi. Akasema zote zina ladha moja.

Nikasema katiba haikufikisha nusu. Hapo shangazi yako akasimama. Akasema kwa desturi yetu, kahawa ya nyumba ikishaingia kinywani maana yake umekubali, kama mgeni anavyokubali amani ya mwenye nyumba. Basi hizo sita ni ndiyo, na jumla ni ishirini. Wazee waliitikia kwa kichwa, maana desturi ni hiyo kweli. Wengine wakasema hapana, aliyetafuna siye aliyepiga kura. Ikawa kelele.

Nikasema nitakuuliza wewe uliyeandika. Utakachosema ndicho kitakachokuwa. Ukisema ishirini, ishirini.

Ujue pia kwamba tarehe 7 Mei Ta Rutashobya anakuja na watu wake kumaliza maneno. Harusi wanaitaka mwezi wa sita. Kama katiba haipo, tutalimaliza kama tulivyozoea. Nimeona nikwambie.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Nathanieli Kashaija
Mwenyekiti wa Ukoo


Bukoba,
11 Aprili 1961

Baba Mkubwa, waitu,

Shikamoo. Nashukuru kwa kuniambia mwezi wa sita. Nimehesabu, nimebakiza mwaka mmoja na miezi saba ya shule.

Karatasi ya kwanza ya barua hii niliandika, "Ni ishirini." Niliandika na tarehe, nikaweka sahihi. Kisha nikaichana. Nimeandika tena, nikachana tena. Mwalimu aliuliza kwa nini karatasi za shule zinaisha haraka.

Baba Mkubwa, sijui ni ngapi. Hakuna anayejua, hata Ta Kagaruki. Inawezekana zote sita zilikuwa ndiyo. Inawezekana zote zilikuwa hapana, na hapo hapana zingekuwa kumi na saba na katiba ingekuwa imekufa. Shangazi amenitetea na ninampenda, lakini desturi ile ni ya kahawa ya mgeni, na hizi zilikuwa sauti za watu sita. Kuna mtu alikwenda nyuma ya mkeka akasema hapana, naye ana haki ya hapana yake.

Tena si mimi wa kuamua. Mtu aliyeandika sheria asiwe mwamuzi wa sheria hiyo, hasa kama hukumu inamgusa yeye. Ndilo somo lenyewe la kazi tatu. Nikisema ishirini leo kwa sababu ishirini inanifaa, kesho mwenyekiti atasema kumi kwa sababu kumi inamfaa, na atakuwa amejifunza kwangu.

Kwa hiyo naomba kura irudiwe na watu wale wale. Safari hii tumieni maharage makavu yasiyopikwa. Ta Kagaruki msimwondoe, ataona aibu. Mpeni mwenzake wa kukaa naye, mtu asiyekubaliana naye kwa kawaida, wahesabu pamoja.

Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa. Naomba tu barua isikae chini ya chumvi.

Mtoto wako,
Alistidia Kokugonza


Muleba,
24 Aprili 1961

Mwanangu Kokugonza,

Hatujambo. Barua yako ilifika siku ya tatu. Siku hizi nafika dukani kwa Zahoro kila asubuhi, na anadhani nampenda.

Niliisoma mbele ya ukoo wote. Nilidhani utasema ishirini. Nilikuwa nimekwisha andaa maneno ya kukujibu. Maneno hayo sasa hayana kazi.

Jana baada ya ibada kura ilirudiwa, watu thelathini na mmoja, maharage thelathini na moja. Ta Kagaruki alikaa na shangazi yako, na hawajaafikiana tangu mwaka wa njaa. Ndiyo kumi na saba, hapana kumi na nne. Imepita.

Ukitoa hesabu ya kwanza katika ya pili, utaona kwamba mzee alitafuna tatu kila upande. Sasa anazunguka vibanja vyote akisema hata midomo yake haina upendeleo.

Usiniulize haragwe langu lilikwenda kibuyu gani. Kifungu cha sita.

Kwa hiyo kwa kifungu cha tisa unaitwa uje tarehe 7 Mei usikilizwe mbele ya ukoo na mbele ya wageni.

Ni mimi,
Nathanieli Kashaija


Bukoba,
29 Aprili 1961

Baba Mkubwa, waitu,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi, kisha nikakosa usingizi kwa jambo jingine. Nimepata nilichoomba, na nilichoomba ni kusimama na kusema mbele ya watu.

Wewe unanijua. Mwaka jana nilipewa zamu ya kusoma somo la ibada. Nilifika mbele, nikafungua kinywa, sauti haikuja. Walingoja kidogo, kisha wakaimba wimbo.

Tena ruhusa nimenyimwa, kwa sababu ya mitihani. Nilipoambiwa nilisikitika, na nilifurahi, na sijui kipi kilitangulia. Kifungu kinasema mtu asikilizwe. Hakisemi lazima awepo. Kwa hiyo maneno yangu ni haya, naomba yasomwe yalivyo:

"Mimi Alistidia Kokugonza nawasalimu wazee wa ukoo, akina mama, na wageni wetu wa Kanazi. Lubisi na mbuzi vililetwa kwa heshima, na heshima hiyo naijua. Aroni sina ubaya naye; huenda hata yeye hajaulizwa. Nataka kumaliza shule na kuwa mwalimu. Baadaye nikitakiwa nitasikiliza kama nilivyosikilizwa. Lakini kuolewa mwezi wa sita, sitaki."

Msomaji mtachagua wenyewe.

Mtoto wako,
Alistidia Kokugonza


Muleba,
8 Mei 1961

Mwanangu Kokugonza,

Hatujambo sote. Tarehe mosi nchi ilipata serikali yake ya ndani. Hapa mvua ilinyesha kutwa, tukasikiliza redio kwa Zahoro, tukarudi tumelowa.

Jana tulikaa. Kabla ya wageni kufika tulimaliza kifungu cha tano. Mimi nina miaka kumi na moja kitini. Niliuliza kama hesabu inaanza leo au tangu nilipoanza. Shangazi yako akasema uliandika "tangu aliposhika kazi." Sikuuliza ulikuwa na maana gani ulipoandika hivyo, nawe usinijibu. Kura ikapigwa, na mwenyekiti sasa ni yeye, Benadetha. Nilihamia kwenye benchi, karibu na Ta Kagaruki. Benchi lile goti linalipenda kuliko kiti.

Ta Rutashobya alikuja na watu saba pamoja na Aroni. Mwenyekiti akasema kuna barua ya mwenye jambo, isomwe kwanza. Yeye hasomi. Katibu macho yake mabovu. Akatazama huku na huku, akasema, "Kashaija, wewe ulikuwa ukitusomea kanisani. Simama."

Nilisimama. Nilisoma yote kama yalivyo. Nilipofika mwisho, nilisoma "sitaki." Ta Kagaruki akaweka mkono sikioni, akauliza, "Anasemaje?" Nikasoma tena, sitaki. Akasema bado hajapata. Basi nikalisema mara ya tatu, kwa sauti ile ya kusikika hadi barabarani, na wapita njia wawili wakasimama.

Ta Rutashobya akasema, "Kashaija, tumekusikia." Nikamwambia si mimi, ni mtoto. Akasema alisikia sauti ya mzee. Nikamwambia ni yetu sote wawili.

Aroni ndipo akasema neno lake la kwanza tangu tumjue. Alisema, "Mimi pia sikuulizwa."

Ukoo ukaulizwa. Hakuna aliyetaka kuchukua haragwe. Shauri limekwisha, utamaliza shule. Mbuzi amerudi Kanazi. Lubisi haiwezi kurudi. Mama yako nilimsikia jioni akiimba akimenya ndizi.

Fremu imepatikana, lakini karatasi tano haziingii. Tumetundika ile yenye cha tisa.

Likizo ya Juni njoo. Barabara haina ubaya. Hata Pasaka haikuwa nao.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Nathanieli Kashaija
wa benchini